Anayekataa mbao ngumu hauokoi msitu wa Zanzibar

Tangu Serikali ianze kuvikodisha visiwa vyetu vidogo kwa wawekezaji, na tangu pwani ya mashariki ya Unguja ijae hoteli na nyumba za wageni kuanzia Michamvi hadi Makunduchi, imeenea kauli moja inayosikika kila mradi mpya unapotangazwa: hapa hakuna mbao ngumu iliyotumika, kwa hiyo msitu uko salama. Jukwaa la kukalia mbele ya bwawa, ngazi za kushukia ufukweni, njia za kupita juu ya mchanga na uzio wa kiwanja, vyote hujengwa kwa paini ya Bara iliyotiwa dawa, au kwa zile mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mti zinazoshushwa kwa makontena. Anayesikia huridhika, kwa sababu kila mmoja wetu ameshaona msitu ukikatwa na hakuna anayetaka kuuona tena. Mimi siridhiki. Kwa kazi za nje, zinazopigwa na mvua, jua na upepo wa chumvi, mbao yenye uimara wa asili iliyokua katika mashamba yetu wenyewe ndiyo inayoweza kuulinda msitu. Kuikataa kwa jumla kunamnyima mkulima wa Unguja na Pemba sababu ya kuuacha mti wake usimame miaka 40.

Tuanze na mti wenyewe, maana ubishi mwingi unatokana na kutoujua. Shina lina mbao za namna mbili. Ile ya nje, nyeupe, ndiyo inayopandisha maji mti ungali hai. Imejaa wanga, na kuvu na mchwa huipenda. Ile ya ndani, kiini, imekwisha kuacha kazi hiyo, na katika baadhi ya miti imejazwa kemikali ambazo mti wenyewe umezitengeneza, zenye sumu kwa kuvu na wadudu. Uimara wa asili umo katika kiini peke yake. Kipimo cha Ulaya kinaigawa miti katika madaraja matano, la 1 likiwa la kudumu sana na la 5 la kuoza upesi, nacho huiweka mbao nyeupe ya kila mti katika daraja la 5, hata ikiwa imetoka kwenye mvule. Kiini cha mkongo kiko daraja la 1, cha mvule kati ya 1 na 2. Msaji wa msitu wa asili uko daraja la 1, lakini msaji wa kupandwa huweza kushuka mpaka la 3. Huo wa mwisho ndio unaotuhusu zaidi, kwa sababu msaji uliokatwa na miaka 15 una nyeupe nyingi na kiini ambacho hakijakomaa. Mwenye duka atakuuzia kama msaji, na ni msaji kweli, ila hautafanya kazi ya msaji.

Watu pia huchanganya ugumu na uimara. Mvinje ni mgumu kiasi cha kupinda msumari, na kwa kujengea banda la muda haushindwi. Lakini ukiuchimbia ardhini mchwa huumaliza mapema. Mnazi mzee una mbao nzito na ngumu upande wa nje wa sehemu ya chini ya shina, na huwavutia wageni kwa madoa yake. Ndani ya nyumba ni mbao nzuri. Nje, penye mvua ya masika, huoza. Nimeona watu wakiufanya sakafu ya ufukweni kwa kuwa ni mti wa hapa, kisha wakasema mti wa hapa haufai.

Unaofaa ni upi, basi? Mvule unajulikana, na hautafutiwi sifa. Shida yake ni kuupanda: ukiupanda peke yake kwa wingi, yupo mdudu anayefanya vivimbe kwenye majani machanga, na miche hudumaa. Ukichanganywa na miti mingine, mmoja hapa na mwingine kule, huwa na nafuu. Msaji hukubali kupandwa, na Bara upo mashambani Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Mtondoo, ule wa pwani wenye majani mazito yanayong'aa, mafundi wa vyombo vya baharini wamekuwa wakiutafuta siku zote kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Mwarobaini hautoi ubao mrefu ulionyooka, lakini kwa nguzo fupi za uzio mchwa huuogopa. Na upo mfenesi, ambao kwangu ndio mti wenyewe wa mjadala huu, na ambao karibu hakuna mchora ramani anayeuandika kwenye mchoro.

Mfenesi si mti wa kubahatisha. Kusini mwa India na Sri Lanka wamejengea nyumba kwa mfenesi kwa vizazi na vizazi, na hapa kwetu milango ya nakshi ambayo haikuchongwa kwa msaji mingi ilichongwa kwa mfenesi. Fundi seremala mmoja nje ya Wete alinionyesha nguzo ya mfenesi iliyong'olewa kwenye banda kuukuu la ng'ombe. Sehemu iliyokuwa ardhini ilikuwa imepungua unene. Nyeupe yote imeliwa, vimebaki vijishimo vilivyojaa udongo wa mchwa, na mtu asiyejua angeitupa jikoni. Fundi akaikwangua kwa kisu. Chini ya udongo kulikuwa na kiini cha kahawia ambacho kisu hakikuweza kukiingia zaidi ya ncha, na alipozidi kukwangua ikatokea ile manjano ya mfenesi uliopasuliwa leo. Nguzo ile ilikuwa imepoteza upana wa vidole viwili kila upande. Iliyobaki ingetosha kuwa nguzo tena.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba mikoko haimo katika hoja yangu. Boriti za mkoko, mkandaa na msinzi ndizo zilizobeba dari za Mji Mkongwe, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Zimekaa zaidi ya karne moja, lakini zimekaa kavu, ndani ya chokaa na chini ya paa. Paa likivuja, ncha ya boriti iliyomo ukutani ndiyo inayooza kwanza, na nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zimeanguka kwa kuanzia hapo. Kwa hiyo boriti si ushahidi kwamba mkoko utadumu ukiwekwa nje. Na hata ungedumu, mikoko ya Ghuba ya Chwaka na ya pwani ya Pemba ina kazi kubwa zaidi ikiwa imesimama: inashika ufukwe na inalea samaki wanaolisha vijiji. Mwekezaji anayezungushia kiwanja chake fito za mkoko anakosea, na atakuwa amekosea hata akiziita za asili.

Sasa hoja za upande wa pili, na nianze na iliyo na nguvu. Wanaoipendelea paini wanasema kwamba inakua haraka, inapandwa upya, na shamba la Sao Hill kule Mufindi ni kubwa na linatoa mbao nyingi bila kugusa msitu wa asili. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nguzo iliyokaushwa vizuri, ikaingizwa dawa kwa mgandamizo katika mtambo, husimama miaka mingi. Nguzo za umeme zinatuonyesha hilo kila siku. Lakini dawa huingia katika mbao nyeupe, na haifiki ndani kote. Fundi anapoikata nguzo ili ilingane na mwinamo wa ufukwe, anapoichonga mdomo wa kuunganishia au kuitoboa tundu la boliti, anafungua mlango kuelekea sehemu isiyo na dawa, na maji hayabishi hodi. Rangi ya kijani peke yake si ushahidi wa chochote; ubao uliochovywa na ubao ulioingizwa dawa kwa mgandamizo huonekana sawa dukani. Kwa nguzo nzima isiyokatwa, paini ya mtambo ni jibu zuri na siipingi. Kwa jukwaa lenye vipande mia mbili, kila kimoja kimekatwa pande mbili na kutobolewa mara nne, hoja hiyo inadhoofika.

Kisha kuna jambo ambalo wanaoisifu paini hii hawalitaji: mwisho wake. Dawa iliyotumika zaidi duniani kwa kazi hii ina shaba, kromu na aseniki. Marekani iliiondoa katika mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, na Umoja wa Ulaya ukaibana matumizi yake mwaka 2004. Kwetu jukwaa likivunjwa, mbao haziendi kwenye shimo maalumu. Zinakwenda jikoni. Mwanamke wa kijiji jirani aliyeruhusiwa kuzoa mabaki atayapikia ugali, na mwenye tanuri la mkate atayanunua kwa furaha kwa kuwa ni makavu. Aseniki haiungui ikaisha. Inabaki katika majivu na inatoka na moshi. Kila anayeidhinisha tani za mbao hizi katika kisiwa chenye njaa ya kuni anapaswa kueleza zitakwenda wapi baada ya miaka minane, na hajaulizwa.

Mbao za plastiki hazihitaji maneno mengi. Haziozi na mchwa hawazitaki, hilo nakubali. Lakini huwaka moto mchana mpaka mtoto hawezi kuzikanyaga pekupeku, hupanuka na kujikunja kwa jua letu, na zikichakaa hakuna fundi wa kuzichonga upya wala jiko la kuzichoma salama. Zitaishia Kibele, juu ya mlima wa taka uliopo tayari. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki haina sababu ya kuikaribisha plastiki kwa kontena kwa kuwa imepewa sura ya ubao.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo ndiyo inayotajwa kwanza vikaoni, ni kwamba mti wa asili hauhimili pwani yetu: chumvi, unyevu na mchwa havina mchezo, bora dawa. Anayesema hivi hajawahi kusimama kwenye ngalawa au jahazi likiwa juu ya mchanga likipigwa deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Vyombo hivi huishi katika maji yenyewe, na vinaishi kwa sababu mafundi walijua mbao gani iende wapi na wakavitunza kila msimu kwa sifa, yale mafuta ya papa, na deheni. Ni kweli kwamba chini ya maji kuna wadudu wa kutoboa ambao hata mvule hawauogopi sana, na kwa nguzo za gati zinazosimama ndani ya bahari nisingependekeza mbao yoyote bila kinga. Lakini jukwaa la hoteli halimo baharini. Liko mita ishirini kutoka kwenye maji, juu ya mchanga mkavu. Likioza baada ya misimu michache, mara nyingi utakuta mbao ilikuwa changa na nusu yake nyeupe, au nguzo imezikwa ndani ya kikombe cha saruji kilichoshika maji ya mvua, au mbao zimebanana bila nafasi ya milimita tano au sita ya kupitisha maji na hewa, au zimepigiliwa kwa misumari ya kawaida iliyopata kutu mwaka wa kwanza na kuacha tundu la maji. Makosa hayo yanaweza kuuua hata mkongo. Simamisha nguzo juu ya kiatu cha chuma kilichoinuliwa kutoka kwenye msingi, kata ncha kwa mwinamo, tumia skrubu za chuma cha pua kile kinachohimili bahari, toboa kabla ya kufunga, na mfenesi ule ule utakuwa mti mwingine.

Inabaki hoja ninayoiogopa kwa dhati, nayo ni ya uhitaji. Wanasema: ukiwaambia wenye hoteli mia kadhaa kwamba mbao ngumu ni halali, kesho msumeno wa moto utasikika katika msitu wa asili wa Ngezi kule Pemba, na kesho kutwa malori yatashuka na mninga na mkongo kutoka misitu ya Bara na Msumbiji. Wana haki ya kuogopa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, katika visiwa ambavyo ardhi yake ya kilimo inapungua kwa ujenzi kila mwaka. Na mnamo Novemba 2022, huko Panama, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, ziliiingiza jamii ya mkongo na jamii ya mninga ya Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa lazima iwe na kibali cha kuthibitisha kwamba uvunaji hauuangamizi. Hawakufanya hivyo bure. Kwa hiyo nakubaliana nao katika hili: mninga na mkongo wa msitu wa asili haupaswi kukanyagwa na wageni wenye miguu ya mchanga, na mvule wa Ngezi usiguswe.

Ila hapo ndipo hoja yao inapoishia nusu ya njia. Kukataza hakupandi mti. Mkulima mwenye eka tatu alizopewa familia yake baada ya Mapinduzi anautazama mfenesi wake mkubwa na kufanya hesabu. Fenesi zinauzwa kwa bei ya msimu. Mbao zake hazina soko la maana, kwa kuwa soko kubwa la ujenzi limeambiwa lisizitake. Kuni na mkaa vina soko kila siku. Akipata shida ya ada ya shule, mti utakwenda tanuruni. Tunapojivunia jukwaa lisilo na mbao ngumu, tumeiacha mbao ngumu iungue kama mkaa. Tungekuwa na mnunuzi anayelipa bei ya mbao kwa kiini kilichokomaa, mkulima yule yule angeungoja. Na mfenesi una jambo ambalo msaji hauna: humlisha anayeungoja. Huanza kuzaa ukiwa na miaka michache tu, hukaa kati ya mikarafuu na minazi bila kudai shamba la peke yake, na huku unazaa unajaza kiini. Wanaosema Zanzibar haina ardhi ya kupanda miti ya miaka 40 wanafikiria mashamba ya mstari kwa mstari kama ya Bara. Yetu ni mipaka ya viunga, nyuma ya nyumba, kando ya njia za kwenda mashambani.

Gharama nayo inahesabiwa upande mmoja tu. Tuseme, kwa mfano, jukwaa la mbao dhaifu linadumu miaka minane na la kiini kizuri miaka 24. Hata mbao ya pili ikiwa na bei mara mbili, ya kwanza itanunuliwa mara tatu, itavushwa bahari mara tatu, itafungwa na kuvunjwa mara tatu, na wageni watahamishwa mara tatu. Hata msitu wa Sao Hill unapunguzwa mara tatu. Mwekezaji mwenye mkataba wa miaka 33 angepaswa kuliona hili kabla yetu, lakini anayenunua mbao mara nyingi ni mkandarasi, na mkandarasi ataondoka baada ya mwaka wa kwanza.

Kikwazo kikubwa kuliko mbao, kwa maoni yangu, ni haki. Zanzibar tuna mazoea ya zamani kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, na ardhi yote ni ya Serikali. Juu yake kuna Sheria Nambari 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu, na kuna kibali cha kukata. Kibali kina sababu yake, sitaki kiondolewe. Lakini kwa mkulima, kibali kile kile kinaweza kumhimiza akate mapema, kabla mti haujaonekana na yeyote, maana hana hakika kwamba akiungoja miaka 40 ataruhusiwa kuuvuna au watoto wake watatambuliwa kuwa wenyewe. Mti uliopandwa unapaswa kuandikwa kwa sheha siku unapopandwa: uko wapi, ni wa nani, na kwamba mwenyewe au mrithi wake ana haki ya kuuvuna ukifika unene uliokubaliwa. Mti wa msitu wa asili uendelee kulindwa vile vile ulivyo. Tofauti hiyo ikiwekwa wazi kwenye karatasi, ofisa wa misitu naye atajua anachokilinda, na gogo linalopita barabarani usiku litakosa pa kujificha.

Kwa upande wa mnunuzi, mikataba ya visiwa na ya viwanja vya ufukweni inayoandikwa sasa ibadilishwe kifungu kimoja. Badala ya kusema hakuna mbao ngumu, iseme mbao za nje ziwe za kiini kisicho na nyeupe, zimetoka shambani kwa mtu anayejulikana, na ziwe na jina la mti. Wachoraji nao waache kudai mbao ndefu za mita nne zenye upana wa kiganja na nusu, ambazo ni msitu wa zamani tu unaoweza kuzitoa. Mfenesi wa kijijini hutoa vipande vifupi vyenye mabato, na jukwaa zuri linaweza kuchorwa kwa vipande vya mita moja na nusu vikipangwa kwa mpishano. Wapasuaji wetu wanahitaji mahali pa kukaushia mbao chini ya kivuli kwa miezi, maana mfenesi ukifungwa ungali mbichi utapinda na lawama zitakwenda kwa mti. Serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu kwa wakulima. Vitalu vile vile masika ijayo vinaweza kutoa mche wa mfenesi pamoja na ile karatasi ya sheha yenye jina la anayeupanda.